Kahawa yetu, boksi lao: wiki tisa Ufini

Kazi yangu ni kuonja kahawa. Saa tatu asubuhi, wakati mji wa Moshi unakunywa chai, mimi nimesimama mbele ya meza yenye vikombe vilivyopangwa safu, kijiko mkononi. Nachota, navuta kwa nguvu mpaka isambae ulimi mzima, natema, naandika. Uchachu, uzito, harufu, kasoro. Kikombe kinachofuata. Huu ni mwaka wa ishirini na moja, na bado nikikutana na sampuli nzuri kutoka Machame au Uru moyo unaruka.

Katika kazi hii kuna nchi moja iliyonishangaza tangu nikiwa mwanafunzi wa kuonja. Ufini ina watu milioni 5.6 hivi, haioti hata mche mmoja wa kahawa, na kila mtu, ukihesabu hadi wachanga, humaliza karibu kilo 10 kwa mwaka. Piga hesabu. Ni zaidi ya tani 50,000. Kuna miaka mingi ambayo Tanzania nzima, kuanzia huku kwetu mpaka Mbinga, Mbozi na Kagera, imevuna kiasi kama hicho. Miaka hiyo nchi ile peke yake ingeyanywa mavuno yetu yote, ikaomba iongezewe.

Novemba 2023 nilikwenda huko, ila si kwa ajili ya kahawa. Mdogo wangu wa mwisho ni muuguzi katika mji wa Tampere, ameolewa huko, na alikuwa anatarajia mtoto wa kwanza. Mama yetu alishatangulia. Kwetu mzazi haachwi peke yake: lazima awepo mtu wa kumpikia mtori, kumkanda, kumfulia, kumbeba mtoto ili yeye apate usingizi. Mama asipokuwepo, dada mkubwa ndiye mama. Nikaomba likizo, nikapanda ndege pale KIA na begi lenye unga wa ulezi, vitenge viwili na kilo nne za kahawa. Nilikaa wiki tisa. Tangu nirudi, kanisani na kazini naulizwa swali lile lile: Ufini ni nchi ya namna gani? Nimeona niandike.

Nianze na boksi, kwa sababu ndilo nililolikuta sebuleni nikiwa bado sijavua koti.

Ni boksi la kadibodi, refu kama sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, limechorwa nje kwa rangi. Serikali humpa kila mama mjamzito. Anaweza kuchagua fedha badala yake, lakini wengi, hasa kwa mtoto wa kwanza, huchagua boksi. Mdogo wangu alikuwa hajalipanga, akasema, "Dada, nilikuwa nakusubiri wewe." Tukaketi chini, tukatoa kimoja kimoja: nguo za ndani za mtoto za vipimo tofauti, soksi, kofia, suti nene ya theluji, fuko la kulalia, shuka, taulo, kipimajoto cha maji ya kuogea, mkasi mdogo wa kucha, kitabu cha picha. Chini kabisa kulikuwa na godoro dogo, na boksi lenyewe likiisha kutolewa vitu ndiyo kitanda. Mpwa wangu alilala humo miezi yake ya kwanza. Watoto wa daktari na watoto wa mfagizi wanalala katika boksi lile lile.

Nilidhani ni ukarimu wa nchi tajiri. Sivyo, na hapa ndipo nataka msomaji wangu anisikilize vizuri. Boksi lilianza mwaka 1938, likiwa la kina mama maskini, wakati Ufini ilikuwa nchi ya wakulima wadogo na ilikuwa inazika watoto karibu 65 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa kabla hawajatimiza mwaka. Mwaka 1949, nchi ikiwa imetoka vitani na ina madeni, wakalipanua likawa la kina mama wote. Tena waliweka sharti lenye akili: hupewi mpaka uwe umekwenda kliniki kabla mwezi wa nne wa ujauzito haujaisha. Mama alifuata nguo, akakutana na mkunga. Leo watoto wanaokufa kabla ya mwaka hawafiki watatu kati ya 1,000. Kwa hiyo waliokata shauri kuhusu boksi hili hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wanaofanana na babu zetu.

Umaskini wao ulikuwa wa kweli. Kati ya 1866 na 1868 walipata njaa ambayo bado wanaisimulia. Majira ya kuchipua ya 1867 yalichelewa mpaka maziwa yakawa na barafu hata Juni, kisha baridi ya Septemba ikaua mazao mashambani. Watu walichanganya unga na gamba la ndani la msonobari ili wapate mkate. Karibu asilimia 8 ya wananchi walikufa, wengi kwa homa zilizofuata njaa barabarani wakiomba chakula. Mtoto mmoja aliyezaliwa mwaka ule wa 1866, Miina Sillanpää, aliingia kiwanda cha pamba akiwa na miaka 12, baadaye akawa mfanyakazi wa ndani Helsinki. Mwaka 1906 Ufini iliwapa wanawake wote haki ya kupiga kura na ya kugombea, na uchaguzi wa 1907 ukaingiza wanawake 19 bungeni. Miina alikuwa mmoja wao. Mwaka 1926 akawa waziri. Fikiria dada anayetupikia na kutulelea watoto hapa Moshi, halafu umwone anaapishwa.

Historia ya utawala wao naipitia haraka. Kwa karne sita hivi walikuwa chini ya Uswidi, na hadi leo Kiswidi ni lugha rasmi pamoja na Kifini. Mwaka 1809 Urusi ikaichukua nchi. Mwaka 1917, Urusi ikiwa katika mapinduzi, Ufini ikatangaza uhuru tarehe 6 Desemba. Miezi michache baadaye, 1918, wakapigana wenyewe kwa wenyewe, Wekundu wa upande wa wafanyakazi na Weupe wa upande wa serikali, na pambano kubwa kuliko yote lilikuwa hapo hapo Tampere. Zaidi ya watu 36,000 walikufa katika nchi iliyokuwa na watu milioni tatu tu, maelfu kati yao wakiwa wafungwa kambini. Shemeji yangu, kijana mtaratibu sana, alinionyesha mtaa ambao ndugu wa bibi wa jirani yao waliuana. Alisema kwa miaka mingi watu hawakutaka kuliongelea jambo hilo mezani.

Tampere ni mji wa tatu kwa ukubwa, umekaa kati ya maziwa mawili. Ziwa la juu limeinuka mita 18 kuliko la chini, na maji yanayoporomoka katikati ya mji ndiyo yaliyouzaa. Mskoti aitwaye James Finlayson alifungua kiwanda hapo mwaka 1820, kikaja kuwa cha pamba, na mwaka 1882 ukumbi wake wa kufumia ukawashwa taa za umeme, za kwanza katika nchi za kaskazini. Nilisimama kwenye daraja nikitazama maji meusi na matofali mekundu. Theluji ilikuwa inaanguka. Mimi nimeitazama theluji ya Kibo tangu utoto, kila asubuhi mawingu yakifunguka, na nilikuwa sijawahi kuigusa. Nilivua glavu.

Giza ndilo lililonisumbua. Desemba jua linachomoza karibu saa nne asubuhi, na saa tisa alasiri limeshazama. Mwili unakuwa mzito. Nadhani hapo nilielewa kahawa. Ofisini na viwandani mapumziko ya kahawa yamo katika mikataba ya wafanyakazi, na hakuna mgeni anayeingia mlangoni akakaa bila kumiminiwa. Kuhusu ladha yenyewe, nilijiandaa kukutana na kahawa chungu nyeusi kama ya hotelini. Badala yake nikapewa kahawa nyepesi, ya rangi ya mdalasini, yenye uchachu unaoonekana wazi. Nikashtuka. Wameikaanga kama tunavyokaanga sisi sampuli za kuonja! Maabara tunakaanga kidogo ili tabia ya buni isifichwe na moshi, na watu hawa wanakunywa hivyo kila siku, jikoni kwao. Nikamwambia shemeji, nyinyi taifa zima ni waonjaji, ila hamtemi.

Nilijifunza zaidi kwa bibi yake shemeji. Ana miaka 86, anaishi kijiji cha saa moja kutoka Tampere, na siku ya pili ya Desemba alitaka kumwona kitukuu. Alitutandikia meza: kahawa, vitumbua vyao vya Karelia ambavyo ni ganda jembamba la unga wa rai, nafaka inayofanana na shayiri, lililojazwa uji wa wali, na mikate mitamu iliyosokotwa. Nilipoumega ule mkate nikasikia iliki. Iliki kabisa, imetwangwa chembechembe kubwa, kama ya maandazi ya sikukuu nyumbani. Nilikaa nao mkononi bila kuula, mpaka bibi akamuuliza mdogo wangu kama mkate una tatizo.

Bibi alizaliwa Karelia, upande ambao sasa ni Urusi. Tarehe 30 Novemba 1939 Muungano wa Kisovyeti uliivamia Ufini. Walipigana siku 105 katika baridi kali, hawakumezwa, lakini Machi 1940 walilazimika kukabidhi ardhi. Wakapigana tena kuanzia 1941 hadi 1944, safari hii upande mmoja na Ujerumani, wakashindwa tena na kuipoteza Karelia moja kwa moja. Watu zaidi ya 400,000 walihama. Bibi alihama mara mbili, ya kwanza akiwa na miaka miwili, ya pili akiwa na miaka saba. Anakumbuka ile ya pili: ng'ombe wakiswagwa barabarani, mama yake akikamua maziwa kando ya njia na kuyamwaga kwa sababu hapakuwa na chombo. Aliposimulia alikuwa anazungusha kikombe chake polepole kwenye kisahani.

Wakimbizi hao hawakuachwa kambini. Sheria ya mwaka 1945 ikagawa ardhi: wenye mashamba makubwa, makanisa, kampuni na serikali walitoa, wakimbizi na askari waliorudi wakapewa viwanja na misitu ya kusafisha. Baba yake bibi alipata shamba hilo hilo tulipokuwa tumekaa. Wakati huo huo nchi ilikuwa inawalipa Wasovyeti fidia ya dola milioni 300, kwa thamani ya 1938, na iliilipa kwa bidhaa: meli, garimoshi, mashine, nyaya. Wakalazimika kujenga viwanda vya chuma ambavyo hawakuwa navyo. Walimaliza kulipa 1952, mwaka ule ule Helsinki ilipoandaa Olimpiki, na viwanda vikabaki vyao. Ndiyo maana nchi iliyokuwa ikiuza magogo na karatasi leo inauza lifti, injini za meli na mashine za msituni. Hata Nokia, ambayo wengi wetu simu yetu ya kwanza ilikuwa yake, ilianza 1865 ikiwa kinu cha kusagia mbao za karatasi, ikajiunga na kampuni za viatu vya mpira na nyaya, kabla ya simu.

Nikamuuliza bibi kuhusu kahawa wakati wa vita. Akacheka. Walikuwa wanakaanga shayiri na mizizi na kuiita kahawa. Meli ya kwanza ya kahawa ya kweli ilifika bandari ya Turku mwaka 1946, na mgao wa kadi haukwisha mpaka 1954. Nikafungua begi nikampa pakiti yangu, kahawa ya Machame, niliyoichagua mwenyewe. Aliinusa kwa muda mrefu, akaifunga tena, akaipeleka chumbani kwake.

Sasa jambo lililonigusa kuliko yote. Dukani, kila mdogo wangu akilipa, anatoa kadi ya kijani. Nikadhani ni kadi ya punguzo. Akaniambia, "Hapana dada, hili duka ni langu. Mimi ni mwanachama." Ni ushirika. Alilipa hisa yake mara moja, na kila mwezi sehemu ya alichonunua inarudi akaunti yake. Nikamwambia: hiyo ni malipo ya pili!

Mkulima yeyote wa kahawa Kilimanjaro anajua maneno hayo. Unapeleka kahawa ya maganda chamani, unapewa malipo ya awali, ikiuzwa mnadani unapewa ya pili. Wazee wetu walianzisha umoja wao wa wakulima 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikaandikishwa 1933. Kwa malipo ya pili watu walisomesha watoto, waliezeka bati. Baba yetu alikuwa mwanachama mwaminifu kabisa. Halafu ikaja miaka ambayo chama chake cha msingi kilipokea kahawa na malipo ya pili hayakuja. Mwaka wa kwanza tuliambiwa bei, wa pili tuliambiwa deni, wa tatu hapakuwa na wa kutuambia. Bei ya dunia ilipoanguka kabisa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Baba alichukua shoka, akang'oa nusu ya mikahawa, akapanda maharage na migomba. Sikumwona akilia, lakini wiki ile hakuongea.

Kwa hiyo niliulizia ushirika wao kama mtu anayeulizia ndugu aliyepotea. Mwaka 1899 waliunda chama cha kueneza ushirika, kiitwacho Pellervo, mmoja wa waasisi akiwa Hannes Gebhard, na 1901 wakapata sheria. Mwaka 1905 vyama 17 vya maziwa vikaungana kuuza siagi nje, vikazaa Valio, ambayo hadi leo ni mali ya wafugaji. Valio ilijenga maabara, ikamwajiri mkemia, Artturi Ilmari Virtanen. Shida ya wafugaji ilikuwa majani: yakivunwa kiangazi yanaharibika kabla baridi haijaisha. Virtanen akagundua kwamba ukiyanyunyizia asidi kidogo wakati wa kuyashindilia, hayaozi wala hayapotezi lishe. Alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1945. Nobel kwa ajili ya majani ya ng'ombe! Wanawake wa kwetu wanaoshuka tambarare alfajiri na kupanda na mzigo wa majani kichwani wanajua kwa nini ilistahili.

Misitu nayo, inayofunika robo tatu ya nchi, sehemu kubwa ni ya familia za kawaida, na moja ya kampuni kubwa za mbao na karatasi iko mikononi mwa ushirika wao. Nilimuuliza shemeji, nani anakagua vitabu? Hakuelewa kwa nini nimeuliza kwa sauti ile. Alinijibu kwamba kila mwanachama anajua kusoma. Kisha akaeleza: tangu zamani kanisa la Kilutheri lilidai mtu ajue kusoma kabla ya kuruhusiwa kuoa, na Mikael Agricola aliwatungia kitabu cha alfabeti kwa Kifini tangu 1543. Mlutheri mwenzangu aliyehenyeshwa na katekisimu ya kipaimara atanielewa.

Kifini chenyewe si kigeni kama kinavyosikika. Talo ni nyumba, talossa ni ndani ya nyumba, talossani ni ndani ya nyumba yangu. Unabandika kwa nyuma kama sisi tunavyosema nyumbani. Na mwanaume na mwanamke wote ni neno moja, hän, kama yeye. Shemeji anapozungumza Kiingereza huwachanganya wanaume na wanawake kama tunavyowachanganya sisi.

Haikuwa yote rahisi. Mpwa wangu akiwa na wiki kadhaa, mama yake alimfunga vizuri akamlaza ndani ya kigari kwenye baraza, nje, baridi ya chini ya sifuri, na mlango ukafungwa. Wote hufanya hivyo, na watoto hulala usingizi mzito ajabu. Mimi nilikaa dirishani dakika zote arobaini nikitazama pumzi yake. Mtori niliupika kwa ndizi mbichi za duka la Waasia, haukuwa mtori wa mshare, lakini maziwa yalitoka. Sauna ya jengo lao, chumba cha mvuke wa moto ambacho kila familia ina saa yake ya zamu, niliingia mara tatu. Zamani wanawake wao walijifungulia humo, kwa kuwa ndicho chumba chenye joto na kisafi kuliko vyote. Nilipoambiwa hivyo niliacha kuiogopa.

Nyakati hizo habari za televisheni zilikuwa za mpaka. Wana zaidi ya kilomita 1,300 na Urusi, walijiunga na muungano wa kijeshi wa NATO Aprili ile ya 2023, na mwisho wa Novemba wakafunga vituo vya mpakani. Jioni ya tarehe 6 Desemba, siku yao ya uhuru, tukawasha mishumaa miwili dirishani, kama nyumba zote za mtaa. Bibi alipiga simu akiwa analia. Siku tatu baadaye, tarehe 9, niliomba tuiwashe tena kwa ajili yetu. Nikawasimulia mwenge uliowashwa Kibo usiku wa uhuru, 1961. Shemeji akaleta kiberiti.

Nilirudi Januari. Jumamosi iliyofuata nikapanda Machame na pakiti ya kahawa ya dukani kwa mdogo wangu, nikamchujia Baba barazani. Baba amelima kahawa zaidi ya miaka hamsini na kinywaji chake ni chai. Nikamwonyesha picha za mjukuu ndani ya boksi, halafu picha ya kadi ya kijani, nikamweleza inavyofanya kazi, nikamsimulia na habari za yule bibi wa Karelia. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kopo la biskuti la zamani. Ndani yake, kati ya vyeti vyetu vya ubatizo, ilikuwemo kadi yake ya chama, namba imeandikwa kwa kalamu ya wino. Akaiweka mezani kando ya simu, akazilinganisha.

"Huyo bibi," akauliza, "ya pili wanampa?"

"Wanampa, Baba. Kila mwezi."

Akanyamaza. Akaonja kahawa, akaivuta kwa kelele kama ninavyofanya mimi kazini, sijui alijifunzia wapi.

"Daraja gani hii?"

"Mchanganyiko. Nyingi ya Brazil."

"Imekaangwa haraka," akasema, akasogeza kikombe. "Weka tena."